Video ya Bibi Kabula

Justa wa Kiseke ndiye aliyeposti habari za kikundi chao mtandaoni, kikundi kinachogawa viti vya magurudumu kwa wasioweza kutembea. Kila mara picha ilikuwa ile ile: bango, meza yenye maua ya plastiki, na mgeni rasmi akikata utepe. Walioandika "Hongereni" ni wanakikundi wenyewe, tena kwa kukumbushwa.

Walipompelekea kiti bibi Kabula kule Magu, mgeni rasmi alichelewa, na bibi hakuwa na subira hiyo. "Nisukumeni hadi kwa shoga yangu Milembe," aliamuru. "Tangu miguu yangu igome hajaja kuniona. Leo namfuata mwenyewe, nikamseme!" Dereva aliyewaleta akasukuma, Justa akafuata na simu. Akaposti video hivyo hivyo, na vumbi lake, na Milembe akiangua kicheko huku ameshika ungo wa mchele.

Hadi jioni simu ilikuwa haitulii. Watu wasiowajua waliuliza Milembe alijiteteaje, kisha wakauliza wachangie wapi viti vingine.

Katibu wao, mzee Yakobo, ndiye pekee aliyenuna. "Sasa mgeni rasmi yuko wapi humu?"

"Si huyo hapo, mzee," Justa akamwonyesha, "aliyekaa kwenye kiti?"