Sahani Tupu Dirishani

Siku ile tulikuwapo sita. Mimi, ndani, nyuma ya dirisha ninalouzia mahamri. Ndugu yangu wa kiume anayenifuata, miaka kumi na tisa, amevaa shati la Idi na siku yenyewe si Idi. Na nje, juu ya baraza ya nyumba yetu ya Kibokoni, wazee wanne: mstaafu wa forodhani ambaye sote tulimwita Ami, fundi wa kushona kanzu aliyekuwa na redio, muuza halwa, na muuza kahawa na dele lake, lile birika la shaba. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa shule, simhesabu. Baba na mama walikuwa wametangulia mbele ya haki, baba kwanza, mama miaka miwili baadaye. Hao nawahesabu, kwa sababu mmoja wao angekuwa hai, hakuna hata moja katika haya ambalo lingetokea.

Baraza ile aliijenga baba kwa mikono yake. Alipokufa, wazee waliendelea kuikalia kama kwamba waliandikiwa katika wasia. Sikuwafukuza. Walinunua mahamri, na huku kwetu nyumba isiyo na watu barazani hufanana na nyumba yenye matanga ya kila siku. Lakini mtu aliyeacha shule kidato cha pili ili akande unga alfajiri, kisha asimame dirishani mpaka adhuhuri akisikiliza wanaume wanne wakiendesha nchi, ana haki ya kuchoka.

Ulikuwa mwaka tisini na mbili. Vyama vingi vilikuwa vimerudi, na kila mzee alikuwa na chama chake kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya. Muuza halwa alibadilisha mara mbili kabla ya mwezi wa Mfungo Sita kuisha. Redio ya fundi ikisema neno, dhumna, ule mchezo wao wa kete za nukta, husimama, wanabishana, kisha dhumna huendelea. Kila jioni serikali ilianguka barazani kwangu, na kila asubuhi iliamka nzima.

Uwanja mdogo ambao ndugu yangu alichezea mpira ulizungushiwa mabati wiki moja, na hakuna aliyejua mwenye mabati ni nani. Wazee walilizungumza jambo hilo siku nne, kwa hasira kweli kweli. Siku ya tano akaja mgombea mmoja na meza mpya ya dhumna, imepakwa rangi za chama chake hadi miguuni. Mabati yakasahauliwa. Vijana waliokosa uwanja wakaja kusimama nyuma ya wazee kutazama mchezo, na ndugu yangu akiwa mmoja wao.

Kwa hiyo alipopata kazi nilikaribia kulia. Ilikuwa kazi ya ukarani wa kuhesabu magunia katika ghala moja la Mbaraki. Mwenye ghala alimwambia: lete kipande chako Ijumaa, usipokileta namchukua mwingine. Kipande, yaani kitambulisho cha taifa, hakikuwepo. Tulikuwa tumekwenda ofisini mara tatu, na mara zote tatu afisa alitazama jina la babu yetu, akatutazama sura, akasema tulete cheti cha babu cha kuzaliwa. Babu alizaliwa chumba cha ghorofani, juu ya kichwa changu hapa ninapokaanga. Nani angempa cheti?

Mara ya nne afisa alilegea. Akasema, maadamu baba amekufa, tulete wazee wawili wa mtaa waliomjua baba na babu, waje wao wenyewe, waape. Mwisho Alhamisi saa sita na nusu. Baada ya hapo watu wote wa ofisi wangepelekwa kuandikisha wapiga kura, na sisi turudi mwakani.

Waliomjua babu na bado wanaweza kutembea walibaki wawili: Ami na fundi. Muuza kahawa alikuja mjini juzi juzi. Muuza halwa yeye mwenyewe kipande chake kilikuwa mwaka wa pili kimelala ofisini, anaulizwa babu wa babu. Niliwaomba Ami na fundi wiki nzima, na wiki nzima nilijibiwa, "Kesho, mwanangu, inshallah." Kesho ya mwisho ikawa hiyo Alhamisi.

Tatizo halikuwa roho mbaya. Tatizo lilikuwa dhumna. Barazani kwetu kuna sheria isiyoandikwa popote: jozi inayoshinda haiinuki mpaka ishindwe. Huruhusiwa sala, chakula na usingizi; lakini ukiinuka asubuhi kabla ya adhana ya adhuhuri kwenda shughuli nyingine yoyote, umeshindwa. Ami na fundi walikuwa hawajashindwa siku tisa. Baraza moja ya Makadara iliwahi kukaa siku kumi, na kiongozi wake alikuwa mtu ambaye Ami hakuwa akimwamkia tangu walipokuwa vijana.

Saa nne nilitoa kichwa dirishani.

"Ami, shikamoo. Ni leo."

"Marahaba, mwanangu. Ni leo, najua ni leo. Wataka niinuke siku ya tisa? Yule wa Makadara atanicheka mpaka kaburini."

"Ndugu yangu atakosa kazi."

"Hatakosa. Mabadiliko yaja. Serikali hii ikiondoka, hivyo vipande vitagawiwa kama njugu."

"Ikiondoka lini, Ami? Kabla ya saa sita na nusu?"

Muuza kahawa alicheka mpaka vikombe vikalia mkononi. Fundi akapunguza redio, akasema taratibu, "Mimi niko tayari, yakhe, lakini mwenzangu akiinuka ndipo nami niinuke. Sheria ni sheria."

"Basi tutoeni," akasema Ami, na akageuka kumtazama ndugu yangu kuanzia shati hadi ndara. "Si wataka tuinuke? Kaa na muuza halwa hapo, mtutoe. Atakayetangulia kushinda mara mbili."

Ndugu yangu alijua mpira. Dhumna alicheza kama mtu anayelipa faini. Mara ya kwanza walifungwa haraka kiasi kwamba muuza halwa alisimama akakung'uta kanzu, akasema, "Huyu kijana si mwenzangu, huyu ni mpelelezi wa upande wa pili!"

Ilikuwa saa nne na nusu. Nilisimama na upawa mkononi, mafuta yanadondoka, na nikaona kitu nilichokuwa nikikiona kila siku bila kukitia maanani. Ami alikaa akilipa dirisha mgongo. Kutoka nilipo, juu ya bega lake, kete zake zote saba zilikuwa wazi mbele yangu kama tasbihi kwenye msala.

Tulipokuwa wadogo baba alikuwa akicheza nasi dhumna ukumbini wakati wa mvua. Mimi nilikaa nyuma yake nikijifanya namkuna mgongo, na ndugu yangu alikaa mbele yake. Nikawa naweka sakafuni kokwa za tende: kokwa tatu, maana yake baba hana tatu, icheze hiyo, atapita. Baba alishindwa wiki nzima kabla hajaziona zile kokwa, kisha akacheka mpaka akakohoa.

Nilichukua sahani, nikatia mahamri manne, nikaipitisha dirishani.

"Kula," nikamwambia ndugu yangu. "Hujala tangu asubuhi."

Aliitazama sahani, kisha uso wangu. Nikadhani amesahau. Kisha akacheza nne, na Ami akagonga meza kwa kidole, kumaanisha apita. Nikaichukua sahani, nikairudisha na mahamri mawili. Ami akapita tena. Muuza halwa, ambaye hakujua lolote, alianza kuimba. Mara ya pili walishinda wao.

"Huyu dada yako akulisha kweli leo," akasema fundi.

"Mwacheni ale," nikasema, "atakwenda kuhesabu magunia."

Mchezo wa mwisho ulikwenda hadi saa tano na robo. Nilipika huku jicho likiwa nje, na mahamri ya siku ile yaliungua, wateja waniwie radhi. Mwishoni Ami alibaki na kete mbili, tano na sita, tatu na moja. Ndugu yangu alikuwa na mbili, akaziinamisha kidogo nikaziona, na moja yake ilikuwa na upande usio na nukta hata moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa ifunge mchezo. Lakini nitaisemaje kwa mahamri? Nikasimama. Kisha nikapitisha dirishani sahani tupu.

Wote wakaigeukia sahani.

"Leo wauza sahani?" akauliza muuza kahawa.

Ndugu yangu aliipiga kete ile mezani mpaka dele likatikisika; mchezo ukafungwa, ushindi ukawa wao. Ami hakugonga meza. Alizitazama kete zake mbili muda mrefu, akazilaza chali, akatafuta viatu vyake.

"Twendeni," akasema.

Nilifunga dirisha, nikajitanda buibui, nikaenda nao. Tulipita Makadara, mbele ya baraza ile ya yule hasimu wake, na mtu mmoja akapaza sauti, "Siku ya tisa, bwana! Kumbe hata kumi hufiki!" Ami hakugeuka.

Ofisini nilimwona Ami ambaye miaka yote sikuwa nimemwona barazani. Afisa alimuuliza, bila kuinua kichwa, kama anamjua kijana huyu. Ami akavua kofia, akaiweka mezani, juu ya makaratasi.

"Nilikula harusi ya babake. Nilimzika babake. Mamake akaniletea futari miaka kumi na miwili, mwezi mzima, hakukosa siku. Babu yake alizaliwa Kibokoni, ghorofani, dirisha la kushoto, na mkunga alikuwa nyanya yangu. Wewe umekuja Mombasa lini?"

Nilidhani tumekwisha. Afisa aliinua kichwa, akaangalia saa, akapiga muhuri. Fundi akatia sahihi, Ami akatia sahihi kwa mwandiko mzuri wa forodhani, na ndugu yangu akapewa karatasi ya kuonyesha kwamba kipande kiko njiani. Mbaraki waliipokea. Miaka mitano sasa yuko ghala lile lile, na ada ya shule ya mdogo wetu siisimamii peke yangu tena.

Tulipokuwa tukirudi, Ami alipunguza mwendo hadi akawa sambamba nami. Wale wengine walikuwa mbele.

"Nimehesabu shehena miaka thelathini," akasema. "Ningeshindwa kuhesabu mahamri?"

Nikavuta buibui mbele kidogo.

"Ungeniambia tu, 'Ami, inuka.'"

"Nilikuambia wiki nzima, Ami!"

Akarekebisha kofia yake. "Ndiyo. Uliniambia." Kisha akasema, "Mchezo mmoja nakudai. Wewe, si nduguyo. Bila sahani."

Uchaguzi ulikuja ukapita, na serikali iliamka nzima kama kawaida yake. Barazani ikasemwa mwezi mzima kwamba kura zimeibwa, na ninaamini ziliibwa, lakini kila neno wizi lilipotajwa Ami alikuwa akigeuza shingo kutazama dirisha, nami nikiinamia karai. Siku kumi hakuzifikisha kamwe. Mabati ya uwanja yakawa ukuta, ukuta ukawa maduka.

Mwaka jana miguu yake ilikataa, binti yake akamchukua kwake Majengo. Siku ya kuondoka alilipitisha dirishani boksi la dhumna, akalisukuma kwenye sinia la mahamri, akasema, "Lete siku utakayokuja."

Majengo si mbali. Kwa binti yake kuna ukumbi, wanawake tele, hakuna atakayesema nimekaa barazani na wanaume. Sina udhuru ila ule wa kila siku: unga, mafuta, mdogo wetu ana mtihani. Na udhuru mwingine ambao nauona vibaya kuuandika, kwamba nikicheza naye kwa haki atanishinda, na atajua kwamba najua bila sahani hatungemtoa. Sasa ni mwaka wa uchaguzi tena. Wiki iliyopita walikuja vijana na ndoo, wakaipaka ile meza rangi za chama kingine, na wazee wakawasogezea viti. Boksi liko juu ya kabati. Kete ni ishirini na nane, nimezihesabu. Sijaenda.