Jioni Ambayo Nyota Haikuzima

Harufu ya wino wa zambarau ndiyo inayonirudisha darasa la saba. Shule yetu, karibu na Amagoro, ilikuwa na mashine ya kurudufu katika ofisi ya mwalimu mkuu, na karatasi zilizotoka humo zilikuwa na unyevunyevu na harufu kali ya spiriti. Tulizibandika puani kabla hata ya kusoma kilichoandikwa. Mara nyingi ilikuwa mitihani, kwa hiyo harufu ile ilitujia pamoja na hofu. Muhula wa tatu wa mwaka ule, katika miaka ya sabini, ikaja karatasi isiyo na swali hata moja. Ilikuwa na vitone vingi, vikubwa na vidogo, na kitone kimoja kilikuwa kimezungushiwa duara. Mwalimu Mukasa aligawa karatasi sita tu kwa wanafunzi sita, mimi nikiwa mmoja wao, na wale walionyimwa walitununia siku nzima.

Mwalimu Mukasa alitufundisha hesabu na sayansi. Alikuwa ametoka ng'ambo ya mto, Uganda, wakati ambapo watu waliosoma sana kule walikuwa wakitoweka, na alivuka na begi moja na darubini ya mkononi aliyoifunga tumboni chini ya shati. Kwao alikuwa amefundisha chuo kikuu. Kwetu akafundisha kugawanya kwa njia ndefu, na alitufanya tulipie tofauti hiyo. Fimbo yake ilikuwa ya mpera, na ukikosea jibu alikuchapa kwanza, kisha ndipo akueleze. Hatukumchukia. Tulijifunza tu kwamba jibu ni lile analolitaka yeye, na lingine lolote ni viboko.

Alitueleza kwamba kitone chenye duara ni nyota, hafifu lakini ya kuonekana na mtoto mwenye macho mazima, na kwamba Jumamosi jioni jiwe kubwa liendalo angani, lisiloonekana na mtu, litapita mbele yake. Nyota itazima kwa sekunde chache kisha itawaka tena. Kivuli cha jiwe lile kitapita juu ya ardhi yetu kama kivuli cha wingu kinavyopita juu ya shamba la wimbi, na atakayekuwa katikati ya kivuli atakosa nyota kwa muda mrefu kuliko aliye ukingoni. Kwa hiyo sisi sita tungetazama kutoka sehemu mbalimbali, wengine makwao na wengine kwa jamaa zao hadi Busia mjini, na sekunde zetu zikiwekwa pamoja zingeonyesha upana wa jiwe. Rafiki yake mmoja wa Ulaya, waliyekuwa wakiandikiana barua, ndiye aliyempelekea mahesabu hayo, akamwahidi kwamba kazi ikiwa nzuri atamtafutia nafasi huko. Alitupa kila mmoja kamba ya mita moja yenye kokoto mwishoni. Ikining'inizwa na kubembea, kila inapotoka upande mmoja kufika wa pili ni sekunde moja. "Ukiona haijazima, andika haikuzima," alisema. "Hiyo nayo ni kazi." Kisha akageuka akaandika ubaoni sekunde zilizotarajiwa: Busia kumi na moja, Amagoro kumi, Malaba tisa, Moding nane, na za sehemu mbili zilizobaki. Kosa lilianzia pale, maana majibu yalikuwa tayari ubaoni.

Wa Moding alikuwa Amoit. Kila darasa lina mtu wa kwanza, na kwetu alikuwa yeye. Mimi nilikuwa wa pili tangu darasa la tatu, na nafasi ya pili niliichoka kama mtu anavyochoka mboga moja. Hakuwa na maringo, na hilo lilinikera zaidi. Alikuwa na tabia ya kukuambia ukweli mdogo mdogo usioulizwa, kwamba umeruka mstari, kwamba ndizi ulizohesabu ni tano si sita, halafu akacheka ameziba mdomo kwa kiganja. Wazazi wake walikuwa wamekufa. Aliishi na nyanya yake, lakini aliyewalisha wote wawili alikuwa mjomba wake, aliyenunua samaki Osieko, ufukweni mwa ziwa, na kuja kuwauza soko la Amagoro kila Jumamosi. Mjomba hakuona maana ya shule. Siku moja alisimama mlangoni mwa darasa letu akamwambia Mwalimu mbele yetu sote, "Huyu nimewaachia nyinyi tu. Siku mwalimu atalalamika, nakuja namchukua. Samaki iko mingi, mikono ndiyo hakuna." Kwa hiyo tulijua, mimi nikiwemo, kwamba Amoit alikuwa akisoma kwa uvumilivu wa mtu mmoja, na kwamba lalamiko moja lingetosha. Sisi wasichana tulijua pia kwamba shule kubwa ya wasichana ilichukua msichana mmoja tu kutoka kwetu kila mwaka.

Jumamosi ile nilikaa nyuma ya nyumba yetu Malaba, mgongo wangu ukielekea foleni ya malori yaliyongoja kuvuka mpaka. Matanboi, wasaidizi wa madereva, walikuwa wakipika ugali kando ya magurudumu, na moshi wa mkaa ulichanganyika na harufu ya dizeli. Redio ya baba ilipotoa milio ya saa mbili niliinua macho. Nyota yangu nilikwisha kuipata. Nilishika kamba, nikatazama, na sitaki mtu aseme kwamba nilichoka au nilipepesa. Nilitazama dakika zote ishirini alizotuambia Mwalimu, na nyota ile ilikaa palepale, ikiwaka vilevile. Haikuzima hata kidogo. Nilikunja kamba, nikaingia ndani, nikachukua kalamu, nikaandika: sekunde tisa. Wala sikusita. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye matako anajua fimbo iko wapi.

Jumatatu tulisimama mbele ya darasa tukasoma. Busia kumi na moja. Amagoro kumi. Mimi tisa. Wengine wawili nao walisoma sekunde zilezile za ubaoni. Mwalimu alikuwa akiandika kwa haraka, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue, alikuwa akitabasamu. Ikafika zamu ya Amoit.

"Haikuzima," alisema.

Mwalimu aliweka chaki chini, akamwita kama wanawake wanavyoitwa kwao. "Nyabo, nyota imezima Busia, imezima Amagoro, imezima Malaba. Ikifika kwenu Moding inakataa?"

"Haikuzima, Mwalimu. Niliangalia mpaka shingo ikauma."

"Ulisinzia."

"Sikusinzia."

Wengi wape, wahenga walisema, na sisi tulikuwa watano. Mwalimu alinigeukia mimi, kwa sababu kwetu ndiko kulikokuwa karibu zaidi na Moding. Aliniuliza kama nyota ilizima. Nilimwona Amoit akinitazama bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyeona shahidi wake akiingia. Ningeweza kusema nimesahau. Ningeweza kusema kulikuwa na moshi. "Ilizima, Mwalimu," nilisema. "Sekunde tisa." Kisha, bila kuulizwa na mtu, nikaongeza: "Na yeye aliniambia alishikwa na usingizi."

Alichapwa viboko mikononi mpaka akashindwa kushika kalamu. Jina la Haikuzima nilimpa mimi, wakati wa mapumziko, na lilienea kabla kengele haijalia. Siku mbili baadaye walikuwa wakimwimbia njiani, watoto wa darasa la kwanza wasiojua hata maana yake, na mmoja alimfungia shingoni kipande cha boksi chenye jina hilo. Nilicheka na wenzangu. Nitasema ukweli, nilifurahi kuliko siku yoyote ya utoto wangu. Mkuki kwa nguruwe. Mwalimu aliandika barua kwa mjomba kwamba msichana ni mvivu na ni mwongo, na Jumamosi iliyofuata mjomba akaja na baiskeli. Amoit alipita kwetu kuniaga, au nilidhani anakuja kuniaga. Alisimama uani akaniuliza jambo moja tu: "Wewe uliona nini?" Nikamjibu, "Niliona yenye wote waliona." Aliniangalia usoni, akacheka kidogo bila kuziba mdomo, akaenda kupanda baiskeli.

Barua ya Ulaya ilifika siku chache kabla ya mtihani wa darasa la saba. Mwalimu aliniita baada ya masomo, akanisomea, akinitafsiria polepole. Mahesabu ya kwanza yalikuwa na kosa. Jiwe lilipita mbali kusini, na kivuli chake kikaangukia ziwani na kwingine, si kwetu. Katika sehemu zote tulizozitaja, nyota isingeweza kuzima hata nusu sekunde. Rafiki yake aliuliza kwa upole sana kama hakukuwa na mtu hata mmoja aliyeiona ikibaki inawaka, kwa sababu neno la mtu huyo lingemfaa kuliko mengine yote. Mwalimu hakunichapa. Alikunja na kukunjua karatasi. "Mimi ndiye niliandika majibu ubaoni," alisema. Halafu akachukua kalamu akamwandikia mjomba kwamba yeye, Mwalimu, ndiye aliyekosea. Kwamba msichana alisema kweli. Kwamba jina lake bado liko kwenye orodha ya mtihani, na aje Jumatatu asubuhi, dawati litakuwepo. Akaitia kwenye bahasha akanipa mimi. "Utapeleka wewe, kwa mkono wako," aliniambia. Nadhani aliona hiyo ndiyo adhabu yangu, kumwangalia yule mtu usoni.

Jumamosi nilikwenda sokoni Amagoro na bahasha ndani ya nguo. Mjomba alikuwa mahali pake pa kawaida, amepanga samaki waliokaushwa kwenye gunia, akiwafukuza nzi kwa tawi. Nilisimama karibu kiasi cha kusikia akibishana na mama mmoja kuhusu mkia wa samaki. Nilihesabu. Amoit akija, nafasi ya shule kubwa ni yake. Amoit asipokuja, ni yangu. Hesabu hiyo haikuhitaji kamba wala kokoto. Nilinunua muwa, nikautafuna njia nzima hadi nyumbani, na bahasha nikaitumbukiza chooni. Jumatatu dawati la Amoit liliwekwa mbele, na kadi yenye namba yake juu. Lilikaa tupu siku zote za mtihani, na mimi nilikuwa nyuma yake, nikijibu maswali. Mwalimu aliniuliza. Nilisema mjomba amekataa.

Niliingia shule kubwa. Nikawa mwalimu wa fizikia, nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu, na watu wa Malaba hunionyesha kwa watoto wao wakisema someni kama yule mama. Mwalimu Mukasa hakupata nafasi Ulaya; utawala wa kwao ulipoanguka alirudi ng'ambo, sikusikia habari zake tena. Siku hizi fimbo imekatazwa shuleni, na mambo ya nyota yamekuwa rahisi mno. Simu yangu hii hunionyesha kwenye ramani kivuli cha jiwe kitapita kijiji gani na sekunde gani, na mwaka juzi nilisimama uani kwangu nikaona nyota ikizima kweli, kwa mara ya kwanza maishani. Ilikuwa fupi, ikawaka tena. Nililia kama mtoto. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi; yangu ilikuwa imefika uzeeni, imelipwa pensheni, na imeheshimiwa na kila mtu. Wiki ile nilipanda gari kwenda Osieko. Nilijiambia nakwenda kwa ajili yake. Nilikwenda kutua mzigo wangu.

Nilimkuta ufukweni akigeuza dagaa kwenye nyavu juani, mama mzima, na wajukuu wawili wakifukuza ndege. Alinitambua kabla sijasema jina. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, ya nyota, ya usingizi niliomsingizia, ya jina la Haikuzima. Alisikiliza akiendelea kugeuza samaki.

"Hiyo ya nyota nilijua kitambo," alisema. "Niliona uso yako siku ile. Hiyo niliisamehe nikiwa bado msichana, ili nipate kulala."

Ningenyamaza hapo. Lakini nilikuwa nimekuja na yote, nikamweleza na ya barua.

Mikono yake ilisimama. "Barua gani?"

Nilimweleza tena, ya Mwalimu, ya soko, ya choo.

"Kwa hivyo jina yangu ilikuwa bado?"

"Lilikuwepo. Na dawati liliwekwa."

"Siku zote?"

"Siku zote za mtihani."

Aliketi mchangani. Mjukuu mmoja alikuja akamwegemea, naye akamsukuma taratibu kando, macho yake yakiwa ziwani. Miaka yote ile alikuwa ameishi akijua kwamba mlango ulifungwa siku aliyopanda baiskeli, na alikuwa amekwisha kuzoea.

"Ungeniacha tu na ile ya nyota," alisema.

Nilisema nisamehe. Alisimama, akajipangusa mchanga, akarudi kwenye nyavu akaanza kugeuza samaki aliokwisha kuwageuza.

"Gari za Busia zinatoka pale juu," aliniambia, bila kunitazama. "Enda mapema, zinajaa."