Mdalasini Niliouokota Rafuni

Mama mkwe alipotutembelea Awindiri kutoka Midia, nilimdharau kimoyomoyo kwa kuwa hajui kuoka. Mimi, bingwa wa video mbili za simu, nilipanga maembe kwenye sufuria, nikayafunika kwa unga, sukari na siagi. Rafuni nikakuta mkebe wenye unga wa kahawia. Nikaamua ni mdalasini. Sikunusa, wataalamu hatunusi. Nikaunyunyiza wote, nikafunika sufuria na kuweka makaa juu na chini.

Mezani, mume wangu alitafuna mara moja, akakimbilia nje kutema. Watoto wakamfuata. Nikawaita washamba wasiojua vitamu vya kisasa.

Mama mkwe akatokea jikoni.

“Mama Neema,” aliuliza kwa upole, “mukebe iko hapa, lakini tumbaku yangu ya kunusa iko wapi?”