Mpira Umekufa au Bado?

Niliona tangazo ukutani kwenye ukumbi wa michezo wa chuo: wanatafutwa waamuzi wapya wa futiboli ya shule za sekondari. Nilikuwa na miezi michache tu Minneapolis tangu nitoke Tanzania, na mpira nilikuwa naujua, basi nikaenda na njumu zangu mkobani. Mkufunzi, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akaweka mezani mpira uliochongoka huku na huku kama kiazi kitamu: kumbe ni futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi. Ningeondoka papo hapo, ila nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na nimeshakula donati zao mbili.

Nikapewa kitabu cha sheria, nikakipenda kiwendawazimu. Mimi ni mbishi tangu utotoni, na hapa nimekabidhiwa kitabu kizima kilichoandikwa na wabishi wenzangu! Nilikisoma nikila, nikakisoma nikipiga mswaki. Tatizo langu lilikuwa kipenga. Mpira hufa pale aliyeubeba anapogusa chini kwa kiungo chochote kisichokuwa kiganja au wayo. Ukikipuliza kabla mpira haujafa, mchezo unasimama hapo hapo, na mtoto wa watu aliyekuwa anakimbilia mstari wa goli amedhulumiwa. Mazoezini nilipuliza hovyo mara tatu.

"Mechi yako ya kwanza nitakuwepo," mkufunzi akaniambia. "Ukipuliza vibaya hata mara moja, msimu mzima utashika mnyororo wa kupimia yadi."

Nilitaka kuwa uwanjani. Ule mnyororo sikuutaka hata kuuona.

Mwenzangu wa chumba, Mkenya aliyekuwa akisomea uuguzi, akajitolea kunihoji kwenye basi la kutoka Brooklyn Center.

"Mkono umegusa chini?"

"Bado!"

"Na goti?"

"Umekufa!"

"Hata kama hakuna mtu amem-touch?"

"Umekufa tu, hakuna mjadala!"

Mama mmoja wa kanisani kwetu, aliyekaa mbele yetu, akageuka na macho ya huruma. "Poleni sana, wanangu. Ni nani ametuacha?"

"Shikamoo, mama," nikasema. "Ni mpira."

Akageukia dirisha, mabega yakimtikisika kwa kicheko mpaka kituo chake. Sisi ndio kabisa, tulipitiliza kituo chetu.

Mechi yenyewe ilikuwa Anoka, Jumamosi asubuhi, timu za wachezaji wa akiba. Nilivaa shati la mistari nikajiona waziri. Nilisimama pembeni kushoto, mkufunzi akiwa katikati kama mwamuzi mkuu, na robo tatu za mchezo zikapita bila kosa.

Robo ya mwisho, mvulana mfupi akaukumbatia mpira, akajitosa katikati ya majitu na kumezwa. Lundo likaanguka mbele yangu. Wachezaji wengine wakaanza kutembea, wazazi wakakaa, na kipenga changu kikawa kimeshafika mdomoni. Nikainama. Alikuwa amelala chali juu ya matumbo ya wenzake, miguu hewani, kiganja kimoja tu kikishika nyasi. Nikatafuta goti, nikatafuta kiwiko. Vyote vilikuwa juu. Nikakitema kipenga.

Akabingirika, akasimama, akatimka. Nikatimka naye yadi zote zile mpaka akavuka mstari, nikainua mikono miwili juu. Sasa ndipo nilipotakiwa kupuliza, lakini nilikuwa nacheka, kipenga kikatoa mate tu.

Kocha wa timu pinzani akaja mbio amewiva uso. "Refa! Alishaanguka yule! Kazi hii umejifunzia wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniita refa. Nilifurahi, nikanyoosha shati langu la mistari.

Mkufunzi akafika akihema kutoka katikati ya uwanja, akaniuliza nimeona nini. Nikamweleza. Akamgeukia kocha.

"Umemsikia refa," akasema, akarudi zake katikati.