Neno Alilomchagulia Mwenye Nyumba

Mtaani walimwita Fundi Herufi, na jina hilo alilivaa kama suti. Ukitaka maandishi ya ukutani au bango la bati ulimwita yeye, na kabla hajafungua kopo la rangi ulisomeshwa kwanza. Hapo hukwepi. Kwake yeye, maneno ya Kiingereza ya majengo yalikuwa na vyeo kama jeshi. Lojingi, alisema, ni pale mtu analala na haulizwi jina. Gesti ni lojingi iliyooga. Hosteli ni ya wanafunzi, na mwenye hosteli sharti awe mkali. Apatimenti ni vyumba vile vile vya kupanga, ila choo kimeingia ndani na kodi imetoka nje ya uwezo wako. Watu walicheka, naye akaandika. Karibu kila mlango wa barabara ile ulipita mkononi mwake, na hakuna hata mmoja ambao angemudu kuingia akalala.

Kiingereza hicho hakukiokota. Dada yake ndiye aliyemsomesha, kwa cherehani. Mama yao alipofariki, dada aliacha shule, akashona sare za watoto wa wenzake ili mdogo wake naye avae yake. Wachumba walikuja, wakakuta kuna mtoto wa kulea, wakaaga kwa adabu. Alipanga chumba cha chini katika nyumba kuukuu ya ghorofa, na mwenye nyumba, mzee wa watu, akamruhusu kuweka cherehani barazani. Baraza ile ndiyo ilikuwa duka lake. Mpita njia aliyechanika mfuko alimwona, akasimama, akashonewa. Angejifungia chumbani nani angemwona?

Yule mzee akafa, nyumba ikaangukia kwa mwanawe, mtu wa kuzungusha funguo za gari kidoleni. Huyu alimwita Fundi Herufi aje kuandika upya maneno yaliyofifia ukutani, "Vyumba vya Kupanga", kwa rangi ya kung'aa. Kazi ilikuwa hiyo tu. Angeifanya akaenda zake. Lakini ulimi hauna mfupa, na ulimi wa msomi wa mtaani hauna hata breki.

"Vyumba, bosi?" alisema, akikunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyochacha. "Vyumba anapanga yeyote mwenye godoro. Nyumba kama hii inataka neno lenye tai. Andika Rezidensi."

"Kwani tofauti yake nini?"

"Tofauti? Kwenye vyumba kuna ndoo mlangoni, nguo dirishani, na mtu anafanya biashara barazani. Kwenye rezidensi mgeni anakuta maua, bosi. Ukimya. Hilo neno lenyewe tu linawafukuza wenye ndoo."

Alicheka. Mwenye nyumba hakucheka. Aligeuza shingo akaitazama baraza. Fundi naye akatazama, akamwona dada yake kainamia pindo la sketi, na hata hapo hakushtuka. Alikuwa anawaza herufi ya kwanza ataikunjaje mguu.

Wahenga wanasema mdomo huponza kichwa. Wa huyu uliponza kichwa cha mwingine, tena cha dada yake. Kabla hajamaliza kuchora, dada aliambiwa aondoe cherehani barazani, na mwezi ukiisha, siku chache tu mbele, aondoke yeye na chumba akiache. Alimfuata mdogo wake mbio, mkanda wa kupimia ukiwa bado shingoni.

"Mdogo wangu, nisaidie. Yule mnaelewana, nimewaona mnaongea pale. Kodi aongeze, nitajikaza. Lakini baraza asininyang'anye. Bila baraza nitakula nini?"

"Nitamwambia, dada."

Neno lililomfukuza lilitoka kwa nani, hakumwambia.

Alikwenda kweli, na kofia akaivua. Mwenye nyumba akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akashangaa.

"Fundi, si wewe uliyeniambia? Maua, ukimya. Nimekusikiliza, sasa unanigeuka?"

"Bosi, yule ni dada yangu."

"Basi mchukue kwako. Mimi nina nyumba nyingine, na zote zinataka maneno ya namna hii. Kama huwezi, sema. Wachoraji si haba."

Laiti angemwaga rangi mlangoni pale! Hakumwaga. Alisema, "Sawa, bosi," akavaa kofia. Aibu akaimeza, kwa sababu kazi anayo na njaa anaijua.

Jioni alimwambia dada yake ahamie kwake. Dada alikijua chumba hicho: kitanda kimegusa mlango, kwingine kote makopo ya rangi.

"Dirishani kwako anapita nani?" akauliza.

"Kuna ukuta wa jirani."

"Basi sitakuja kukaa kwako nikutazame unavyohangaika kunilisha." Akaamua kwenda kwa binamu yao wa mbali, ambaye hata simu alipokea kwa kuguna.

Siku ya kuhama, fundi alikuwa juu ya ngazi, akimalizia. Vitu vya dada vilikuwa vimeshafungwa kwenye mkokoteni, cherehani juu kabisa. Ngazi ilicheza, dada akaja kuishika kwa mikono miwili. Akasimama hivyo mpaka herufi ya mwisho ilipokaa.

"Umeandika vizuri," alisema, akiwa ameinua uso. "Maana yake nini hilo?"

Fundi, ambaye kwa neno lolote alikuwa na hotuba, alikosa hata mzaha. "Mahali ambapo watu wanakaa, dada."

Dada alilitazama tena neno.

"Kumbe. Na miaka yote hii mimi hapa nilikuwa nafanya nini?"

Brashi ilidondosha rangi kwenye kiatu cha fundi, hakuipangusa. Mwenye mkokoteni aliita kwamba jua linamchoma.

"Shuka polepole, mdogo wangu," dada alisema. "Naiachia ngazi."