Mkono wa Mzee Juu ya Helmeti

Hii kichwa yangu mnaona, na shanga zake zote kwa masikio, iko nzima kwa sababu ya wanaume wawili: bwana yangu na baba yake. Mimi mwenyewe nilisaidia kidogo sana. Nitasema ukweli, maana bwana yangu yuko hapo nje anakunywa chai, na nikidanganya atakohoa.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwisho mwisho. Tulikuwa tunakaa Kitengela, wakati Kitengela ilikuwa nyumba chache kando ya lami na nyumbu walikuwa wengi kushinda watu. Bwana yangu alikuwa mtu wa kuchanja ng'ombe, kazi ya ofisi ya mifugo, na siku moja wakampatia pikipiki. Nyekundu! Wuui, hata mbwa hawakubweka, walikaa tu wakaangalia. Ilikuja na helmeti mbili, jaketi mbili nzito, na gambuti jozi mbili.

"Hizi zingine ni za nani?" nikamuuliza.

"Ni zako, mama watoto."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sasa muelewe hii maneno. Baba mkwe alikuwa anakaa huko mbele ya Kajiado, peke yake na ng'ombe zake, mama mkwe alikuwa ameshaaga dunia. Mimi na yeye tulikuwa tunaitana Paker, kwa sababu siku niliolewa tulipeana kondoo, na kwetu Wamaasai ukipeana kondoo na mtu hiyo ndio inakuwa jina yenu. Nilimpenda huyo mzee kama baba alinizaa. Zamani tulikuwa tunamuona mara moja kwa miezi mitatu. Na pikipiki, tungemuona kila Jumamosi. Kwa hivyo nilitaka hiyo pikipiki kabisa. Ni helmeti sikutaka.

Kwa nini? Kwetu mtu mdogo hapei mzee mkono. Unainamisha kichwa, mzee anaweka mkono juu, hapo ndio umesalimiwa. Bila hiyo ni kama hujafika. Na bwana yangu ni mtu wa ng'ombe, kila boma anasimamishwa: daktari, ndama wangu anahara, daktari, ng'ombe wangu amekataa majani. Wazee watano, sita, kabla tufike Kajiado. Sasa mimi niko nyuma na hiyo kitu kwa kichwa. Nikitaka kuitoa, shanga za masikio zinashikana, navuta, naumia, mzee amesimama na mkono kwa hewa. Aibu!

"Nitainamishia wazee sufuria?" nikamwambia bwana yangu.

"Afadhali sufuria ipasuke," akasema. "Mimi nimeshona tumbo za ng'ombe, nimeshona mbuzi aliraruliwa na fisi. Kichwa yako siwezi kushona."

"Basi endesha polepole."

"Barabara haijui polepole."

Akaona maneno haitoshi, akataka kunifundisha na macho. Jioni moja akachukua kibuyu changu, kile cha maziwa, mama yangu alinipea na nilikuwa nimekifukiza moshi vizuri hiyo asubuhi. Akapanda nacho juu ya kiti, akakiachilia. Pa! Vipande. Halafu akaniita nilete kingine, eti sasa aangushe ndani ya helmeti nione tofauti.

Mwanaume gani anavunja kibuyu ya bibi yake kumfundisha akili? Nikamwambia, "Sasa maziwa nitaweka kwa helmeti yako." Na siku mbili alikunywa chai ya rangi. Alikuwa anajua kosa yake.

Mwisho akasema neno moja tu, bila hasira: bila helmeti hupandi pikipiki yangu. Jumamosi ikafika, akawasha, akaenda. Niliangalia vumbi mpaka ikaisha. Jumamosi ya pili nikavaa.

Lakini nilivaa kwa ujanja. Kwa lami niko nayo. Tukikaribia boma, namwambia simama nikojoe, naitoa, naificha chini ya shuka, hapa kwa tumbo. Bwana yangu alikuwa anapumua tu kwa pua. Siku moja kwa boma fulani tukapata wamama wanakama ng'ombe. Mmoja akaniangalia tumbo, akapiga kofi, akanisalimia Kimaasai.

"Takwenya! Wiki iliyopita ulikuwa umekauka kama fimbo. Hii mimba ni ya nani?"

"Iko," nikajibu salamu peke yake.

"Ni ya pikipiki," mwingine akasema. "Atazaa na magurudumu."

Walicheka mpaka ng'ombe akapiga teke maziwa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeapa: hiyo kitu sivai tena, hata chini ya shuka.

Hapo ndio bwana yangu alienda kwa baba yake peke yake, na helmeti yangu akaibeba. Alirudi akaniambia tu, "Mzee anakuita Jumamosi. Amesema ukuje nayo kwa kichwa, usiitoe."

Wacha, sikulala vizuri hiyo wiki. Nilijua nimesemewa.

Tulipofika, Paker alikuwa ameketi nje kwa stuli yake, shuka imekunjwa kwa magoti. Nikateremka, nikasimama hapo mbele yake na helmeti, jasho inashuka kwa shingo.

"Paker," akaniita.

"Ooi, Paker."

"Kuja karibu."

Nikainama. Nikasikia juu, ko! Mkono yake, kwa plastiki. Akaiacha hapo. Hakuitoa haraka kama vile wazee wanafanya.

"Nimekusalimia," akasema. "Kijana yangu amekuja hapa kulia kama mtoto, eti atakupoteza kwa barabara. Kutoka leo nakusalimia juu ya hii. Ukikuja bila hii, sijakuona. Na mzee yeyote wa njiani akiuliza, mwambie mimi ndio nimeigusa kwanza."

Nani atabishana na hiyo? Habari ilitembea kushinda pikipiki. Jumamosi iliyofuata wazee wote wa njiani waligonga helmeti yangu, ko, ko, ko, wengine walikuwa wanagonga mara mbili kwa sababu wamependa sauti. Nilikuwa nasikia kama ngoma ndani. Na hao wamama wa maziwa hawakuuliza mimba tena.

Sasa sikilizeni ujinga yangu. Bwana yangu akaniambia, vizuri, bado jaketi na gambuti, na hiyo shuka uifunge, isipepee nyuma. Nikamuuliza, "Mzee aligusa gambuti?"

"Hapana."

"Aligusa shuka?"

"Mama watoto..."

"Aligusa kichwa. Kichwa imevaa. Twende."

Tulienda hivyo wiki nyingi, shuka yangu nyekundu ikipepea nyuma kama bendera, na viatu yangu ya tairi. Nilijiona maridadi.

Siku hiyo tulikuwa tumepita Isinya. Upepo ya kiangazi, ile inasukuma ng'ombe. Shuka ikaingia kwa gurudumu ya nyuma. Sikuona. Nilisikia tu shingo inavutwa, kama mtu amenishika kwa nyuma ananirudisha Kitengela, halafu mbingu ikakuwa chini. Kichwa iligonga lami. Ko! Hiyo sauti niliijua. Ilikuwa ni ile ya mkono ya mzee, lakini kubwa.

Nilifungua macho nikaona bwana yangu juu yangu, na kile kisu yake ya kazi anakata shuka kwa shingo. Kisu ikamponyoka, akaiokota. Huyu mtu anaingiza mkono ndani ya ng'ombe mpaka kwa bega na haangushi kitu.

"Sema kitu," akaniambia. "Sema kitu!"

"Umekata shuka yangu," nikasema.

Akakaa kwa lami akaanza kucheka, na machozi yanatoka. Hakuniambia, "Nilikuambia." Mpaka leo hajawahi kuniambia, na kwa hiyo peke yake ningemzalia watoto wengine sita.

Goti ilikuwa imechunika mpaka nyeupe, na kisigino pia. Helmeti ilikuwa imepasuka kutoka hapa mpaka hapa. Kichwa, hakuna kitu. Hata shanga moja haikukatika.

Akatoa shuka kwa gurudumu, tukaenda na pikipiki polepole mpaka kwa mzee. Akaona damu, akasimama. Nikainama. Akapitisha kidole kwa ule ufa, pole pole, mara mbili. Halafu akasema, "Leo toa." Nikatoa. Akaweka mkono kwa kichwa yangu yenyewe, nywele na jasho, akatema mate ya baraka, akasema Engai, Mungu wetu, akuache na mimi.

Kisha akamuuliza bwana yangu, "Ni nini ingine hiyo ofisi yako ilikupatia?"

Bwana yangu akafungua mzigo. Alikuwa anabeba vitu yangu kila Jumamosi, sikujua. Ati siku moja nitakubali. Mzee akagusa jaketi. Halafu, wacha niwaambie, huyo mzee mwenye magoti yalikuwa yamekataa kazi, akashika fimbo, akainama chini mpaka mwisho, akaweka mkono kwa gambuti ya kushoto, na ya kulia. Mzee! Mbele ya mtoto wa mtu!

"Imebaki kitu sijagusa?" akaniuliza kutoka huko chini.

"Hakuna, Paker," nikasema. "Simama, tafadhali."

Tulimshika mikono yote mbili, mimi upande huu na kijana yake upande ule, tukamsimamisha. Na jioni nilirudi Kitengela nimevaa vyote, nimefungwa kama mzigo ya makaa, na sijawahi kuona joto tamu kama hiyo.

Haya. Amekohoa? Hajakohoa.