Ng'ombe Walizuiwa, Mimi Nikaenda Kuchimba Udongo

Mmeniita hapa mbele niwaambie jinsi nilivyopona malale. Nitasema. Lakini sitawabembeleza, kwa sababu wengi mliokaa hapa mlinicheka nikiwa mgonjwa, na nyuso zenu nazijua. Mnangoja shukrani. Shukrani zitakuja mwishoni, na hazitakuwa za kila mtu.

Mimi naitwa Kabula, mke wa Masanja. Tulikuja hapa Litapunga na ng'ombe wetu tukitokea Usukumani, na mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tumeshajenga na kulima kama nyie. Nilikuwa mwanamke wa kazi. Nililima mahindi na karanga, nilikamua, nilibeba maji, na kukiwa na harusi nilicheza mpaka vumbi likanifika kichwani. Nilikuwa sijawahi kulazwa hospitali. Kitu kimoja tu kilininyima raha: nilitaka kujua kufinyanga.

Fundi wa vyungu alikuwa mmoja, Mama Kalunde. Mtungi wake ukiugonga kwa kidole unalia vizuri, na maji yake yanakuwa baridi hata kiangazi. Nilimwonea wivu. Nilikuwa nachota tope kisimani najaribu vikombe, vinapasuka juani. Mama mkwe wangu akaniona.

"Kabula, sisi ni wafugaji. Kufinyanga umekutoa wapi?"

"Mikono inataka, mayu."

"Basi ipe jembe."

Masanja hakukataa. Alisema niende nikajifunze, nikishindwa nitarudi mwenyewe. Nikaenda.

Mama Kalunde hakufundishi siku unayofika. Kwanza unamchimbia udongo. Unachimba msimu mzima kule bondeni, unabeba kichwani, unautwanga, unatoa mawe na mizizi, na yeye amekaa kivulini anafinyanga vyungu vyake. Bondeni mwenyewe alikuwa haendi tena. Siku hizo alikuwa na wanafunzi wawili, mimi na Nyamizi. Nyamizi alikuwa ameachika, amerudi kwa mama yake, na alitaka ujuzi wa kumfanya asimtegemee mwanaume tena. Alikuwa mcheshi kupita kiasi, na mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu.

Tulipewa masharti. Kwenda bondeni ni kaniki nyeusi tupu, hakuna nguo ya rangi. Na hakuna moto. Usibebe kijinga cha moto, usiwashe hata kijiti.

"Udongo usione moto kabla ya siku yake," Mama Kalunde alituambia. "Wala moshi usiusikie. Ukivunja hilo, kila chungu utakachofinyanga kitapasuka."

Sasa lile bonde nyie mnalijua. Ndorobo wamejaa. Warina asali hawakanyagi kule bila moshi. Sisi tulikaa ndani ya shimo tumeinama, mgongo wazi, na wale wadudu wanapita juu ya kaniki kama wamealikwa. Ndorobo akikuuma ni kama umechomwa na sindano iliyotoka motoni. Nyamizi alikuwa anaruka na kupiga kelele, kisha anacheka, kisha tunaendelea kuchimba.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo, kwa hiyo sikilizeni. Mume wangu hakuruhusu ng'ombe hata mmoja akanyage lile bonde. Aliwazungusha njia ndefu kwenda kunywa maji, maana ng'ombe akiumwa na ndorobo anakonda, anasimama ameinamisha kichwa, anakufa. Kila Msukuma anajua hilo tangu utoto. Mwanaume huyohuyo alikuwa ananitazama asubuhi nikijifunga kaniki, ananiambia, "Uende salama." Ng'ombe walizuiwa, mimi nikapita. Kijiji kizima kilituona tukipita, na hakuna aliyefungua mdomo. Tulidhani ndorobo ni shida ya ng'ombe.

Ugonjwa ulianza na uvimbe shingoni, nyuma, mahali nilipoumwa. Ulikuwa mwekundu, mgumu, unauma ukiugusa. Nilidhani ni jipu. Baadaye ikaja homa. Nikapewa klorokwini, mwili ukawasha mpaka nikajikuna damu, homa ikapoa. Nikarudi bondeni. Homa ikarudi. Ikawa inaenda na kurudi hivyo, na kila mara naambiwa ni malaria. Tezi za shingo zikavimba. Uso ukajaa asubuhi, macho yakabaki mistari. Kichwa kiliuma mfululizo, siyo mapigo, ni uzito.

Kisha hedhi ikakata. Mama mkwe akafurahi. Nilipoanza kusinzia mchana alifurahi zaidi, akasema mimba ya mtoto wa kiume ndivyo ilivyo. Nilisinzia nikichambua mchele. Nilisinzia na tonge mdomoni, mpaka likadondoka kifuani. Wakati watu wengine wamelala, mimi macho makavu. Tumbo lilipokosa kukua, furaha ikaisha, nikapewa jina jipya. Nikaitwa mvivu.

Kwa watu wa jembe hakuna tusi baya kama hilo. Mlilitamka mbele yangu. Wengine mliwaambia wanangu kwamba mama yao amepata ugonjwa wa kitanda. Mama mkwe alinimwagia maji nikiwa nimelala uani jua la saa nne. Nilimrushia sahani. Nilikuwa sijawahi hata kumjibu kwa sauti, lakini ugonjwa ule unakubadilisha tabia. Nilimpiga Masanja mbele ya wageni wake, kisha nikacheka, na sijui nilikuwa nacheka nini.

Wakati huo ndipo Mama Kalunde alituruhusu kushika udongo. Mnaona mambo hayo? Msimu mzima nimengoja, na mikono inaanza kutetemeka. Unaviringisha udongo uwe kamba, unazungusha, unapandisha ukuta kidogo kidogo, unasawazisha kwa gunzi. Kazi hiyo inataka mkono uliotulia. Wangu ulicheza kama wa mlevi. Ukuta ulipinda, ukalala, ukaanguka. Wa Nyamizi ulisimama vizuri, kisha naye siku moja ukaanguka. Nilimtazama usoni. Uso wake ulikuwa umejaa kama wangu.

Mama Kalunde hakuuliza tunaumwa nini. Alisema, "Udongo umewakataa. Mmewasha moto kule."

"Mama, hatujawasha," Nyamizi alisema. "Kama tungewasha, hawa wadudu wangetula hivi?"

"Mmevunja mwiko. Nendeni mkanywe dawa."

Dawa alikuwa nayo yeye. Tulichanjwa kwa wembe kifuani na mgongoni, tukapakwa unga mweusi, tukanyweshwa mizizi iliyonitapisha nyongo. Nilizidi kukonda. Nilianza kuyumba nikitembea. Siku moja nililala karibu na jiko, mguu ukaingia kwenye makaa, na nilisikia harufu kabla sijasikia maumivu. Kovu hili hapa. Msiogope kulitazama.

Aliyeniokoa hakuja kwa ajili yangu. Alikuja bwana mifugo kuchoma ng'ombe sindano. Mimi nimelala uani, udenda unatoka, inzi wamekaa mdomoni. Alimaliza ng'ombe wake, akanawa, akaniangalia.

"Huyu mama yuko hivi tangu lini?"

"Tangu kabla ya mavuno," Masanja alijibu. "Ni mvivu tu, bwana. Na mambo ya udongo."

"Masanja, ng'ombe wako akisinzia hivi na kukonda hivi, unaniita siku ileile. Huyu umemngojea nini?"

Nilisikia, ingawa nilikuwa kama mtu aliye chini ya maji. Masanja akanifunga kwa kanga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, kichwa changu mgongoni kwake, akanipeleka Mpanda mjini. Njiani nilijikojolea. Tulifikia Majengo kwa ndugu yake, asubuhi tukaenda hospitali.

Walinichoma kidole, wakapeleka damu kwenye hadubini. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alirudi akamwambia Masanja, "Ni malale. Wadudu wamejaa kwenye damu. Sasa nataka kujua kama wameingia kichwani." Nikakunjwa ubavu, magoti kifuani, muuguzi akanishika shingo, sindano ikaingia kati ya mifupa ya mgongo. Nilisikia umeme mpaka kisiginoni. Maji yakatoka, yakapimwa nayo. Wadudu walikuwa wameingia.

"Dawa ipo," daktari alisema. "Lakini ni kali, ina sumu ndani yake. Wagonjwa wengine inawaua. Bila dawa, anakufa kwa hakika."

"Choma," nilisema mimi. Masanja alikuwa bado anafikiri.

Dawa ile inachomwa kwa bomba la kioo, kwa sababu plastiki inayeyuka. Fikirieni basi kitu kinachoyeyusha plastiki kikipita kwenye mshipa wako. Mkono uliwaka kutoka kiwikoni mpaka kwapani. Mshipa ukawa mgumu kama kamba ya katani. Niliuma shuka. Nilitapika, nilihara, ngozi ya viganja ilibambuka. Mama mmoja wa kitanda cha jirani, mwenye ugonjwa kama wangu, alipata degedege baada ya sindano yake, akafa tunamtazama. Waliponijia na bomba langu, nilinyoosha mkono. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na nilinyoosha.

Akili iliporudi kidogo, neno langu la kwanza lilikuwa Nyamizi. Nilimwambia Masanja, "Nenda ukamlete. Ana ugonjwa huuhuu." Muuguzi naye akamwambia aende haraka, akasema ndorobo wanapenda nguo nyeusi, na hao waliochimba pamoja wote wapimwe. Masanja alikwenda. Hilo sitamnyima. Alifika kwa mama yake Nyamizi na baiskeli tupu, akasimama uani, akaeleza.

Akajibiwa, "Mwanangu anatibiwa kwa Mama Kalunde. Na uvivu hautibiwi Mpanda."

Alirudi na baiskeli tupu.

Niliporuhusiwa kutoka, nilipofika hapa nikitembea kwa fimbo, Nyamizi alikuwa ameshazikwa. Na nilikuta maneno yananingoja. Mlisema nimemtoa mwenzangu kafara ili mimi nipone. Mlisema siri yangu iko kwenye udongo. Watu walizima moto wakiniona naja kuomba makaa. Kuna mtu aliacha jongoo aliyekufa mlangoni kwangu, na mtu huyo ananisikia sasa hivi. Mwaka ule, kwa maneno kama hayo, ningeweza kuuawa, na nyie ambao hamkusema lolote mngekuja kula msibani kwangu.

Nilikwenda kwa Mama Kalunde. Nilimkuta anasugua mtungi kwa jiwe.

"Kwa nini ulituzuia kubeba moshi?"

"Ndivyo nilivyofundishwa."

"Na kwa nini wewe huendi tena?"

Aliendelea kusugua. Mwishoni alisema, "Wadudu wanauma sana kule." Alisema hivyo, na hakuinua macho. Mnaniuliza kila siku kwa nini sijamsamehe. Sijamsamehe, na msiniulize tena.

Nikarudi kwenye udongo. Mama mkwe alilia, akadhani kichwa hakijapona. Nilivaa kanga nyeupe, mikono mirefu, nikabeba kinyesi cha ng'ombe kinachofuka moshi kwenye kigae, nikakiweka mdomoni mwa shimo, na Masanja akasimama juu yangu akipunga tawi mpaka nilipomaliza. Aliuacha mji na ng'ombe wake siku nzima. Nilimwambia hiyo haitoshi. Akasema anajua.

Mikono ilichelewa kutulia. Vyungu vya kwanza vilipasuka vyote motoni, na nyie mkatikisa vichwa, mkasema si mnaona. Vilipasuka kwa sababu havikuwa vimekauka ndani na udongo haukuwa na vigae vya kutosha vilivyosagwa. Nilisaga zaidi. Nilikausha kivulini badala ya juani. Kisha kimoja kikatoka motoni kizima, chekundu upande mmoja na cheusi upande mwingine, kibaya cha sura, kimepinda kidogo. Nilipika ndani yake maharage, nikala na wanangu. Nililia nikila. Leo vyungu vyangu viko jikoni kwenu, hata kwa mliozima moto.

Sasa shukrani. Namshukuru Mungu. Namshukuru bwana mifugo aliyeniona kuwa na thamani ya ng'ombe. Namshukuru daktari, na muuguzi aliyenishika shingo, na mama wa kitanda cha jirani aliyenishika mkono usiku kabla ya sindano yake. Masanja namshukuru nusu, na mwenyewe anajua nusu nyingine iko wapi.

Na ushauri wangu ni huu. Homa inayorudi baada ya dawa, usiiite malaria mara ya tatu, nenda hospitali ukapimwe. Mtu wa kazi akianza kusinzia mchana, mpelekeni kabla hamjampa jina. Na binti yeyote anayetaka kujifunza kufinyanga, aje kwangu. Atashika udongo siku ya kwanza, na bondeni nitatangulia mimi.

Nimemaliza na nyie. Neno lililobaki ni la mtu mmoja, aliyekaa pale nyuma karibu na mlango, ambaye haniamkii tangu nilipotoka hospitali. Mama Nyamizi, shikamoo. Sikuja kukuomba radhi, kwa sababu mwanao sikumroga wala sikumtoa. Nimekuja kusema mbele ya watu wote hawa jambo ambalo hakuna aliyelisema siku mlipomzika. Nyamizi hakuwa mvivu, mama. Alikuwa mgonjwa.